Tonge la Kiapo

Wasomaji wangu, nivumilieni leo, maana habari hii kila nikiianza hasira hunitangulia. Ni habari ya nyumba moja katika kijiji cha milimani, si mbali na mji wa Karak, nchi ya Jordani. Ubaya ulioingia nyumba hiyo haukuwa ulevi wala kamari wala uzinzi. Ulikuwa ukarimu. Najua mtasema huyu naye ameishiwa, tangu lini ukarimu ukaua mtu? Sikilizeni kwanza, halafu mniambie.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, asubuhi, Wadha binti Faleh alikuwa ameketi uani akichambua dengu, jua likimpasha mgongo. Mumewe Sattam alikuwa chini shambani akipogoa mizeituni, na alikuwa akiimba. Wadha alisimamisha mkono ili asikie vizuri. Mtu anayeimba ana pumzi, na mwaka uliotangulia mume huyo hakuwa na pumzi ya kumtoa kitandani hadi mlangoni.

Sattam alikuwa dereva wa malori ya jeshi kwa miaka ishirini na miwili, na kwa kula alisifika. Kwao chakula cha heshima ni mansaf, yaani kondoo aliyepikwa katika mchuzi wa jamid, yale maziwa yanayokaushwa kwa chumvi mpaka yakawa magumu kama mawe. Nyama hiyo humwagwa juu ya wali uliolowa samli. Harusi ni mansaf, msiba ni mansaf, mgeni akibisha hodi ni mansaf. Sattam hakukosa hata sinia moja, mpaka siku moyo ulipomwangusha sokoni.

Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, hakuzungumza na Sattam. Alizungumza na Wadha, kwa kuwa alijua ni nani anayeshika mwiko.

"Mama, moyo wa bwana huyu umebaki nusu. Nyama ya mafuta, samli na jamid, kuanzia leo basi. Mlishe vinavyoota ardhini. Chumvi ndiyo mbaya wako mkubwa. Akirudia alivyokuwa akila, maji yatampanda mapafuni, na hapo sikuahidi kitu."

Wadha alirudi nyumbani akagawa samli yote kwa majirani. Mwezi wa kwanza ulikuwa vita. Sattam alisukuma bakuli, akasema yeye si sungura, akanuna kama mtoto. Wadha hakubishana naye. Alijipakulia kile kile, akala mbele yake. Alimpikia majani ya khubeza, mboga ya porini inayoota yenyewe mvua zikinyesha, akaikamulia limau. Alimpikia dengu na ngano iliyopondwa, juu yake vitunguu vilivyokaangwa kwa mafuta ya zeituni mpaka vikawa vyeusi. Alichoma biringanya kwenye makaa. Kila asubuhi alimpandisha kwenye mizani kama alivyoagizwa, kwa sababu maji yakianza kujaa mwilini uzito hupanda kabla mtu hajajisikia vibaya. Ukapita mwezi wa pili, wa tatu, wa tano. Sattam alipungua kilo kumi na nne, miguu ikanywea, viatu vyake vya zamani vikamwingia tena. Daktari alimpima akacheka, na huyo si mtu wa kucheka.

Haya, wagonjwa mnaosoma: mwili ule haukuponywa na miujiza. Uliponywa na dengu, na mke asiyechoka.

Asubuhi hiyo basi, Jadaan, kaka yake Sattam, aliingia uani bila kubisha hodi, kama ilivyo kawaida yake. Alikuwa mtu mkubwa, sauti kubwa, mwepesi wa kutoa na mwepesi wa kusema.

"Shemeji, hayo unayochambua ni ya mume au ya punda?"

"Ya mume, shemeji. Punda akitaka chakula cha mafuta, nitamleta kwako."

Jadaan alicheka mpaka akajishika tumbo. Sattam alipanda kutoka shambani, wakakumbatiana.

"Baba Rakan, umekonda hadi nakuonea haya. Watu wananiuliza, ndugu yako kafungwa jela gani?"

"Waambie jela ya Mama Rakan. Kifungo cha maisha."

Jadaan alikuja na habari njema. Binti yake Shatha alikuwa anaposwa, na msafara wa wakwe ungefika kesho baada ya sala ya Ijumaa, wanaume arobaini kutoka Tafila. Alitaka Sattam asimame naye kuwapokea.

"Nitakuja, kaka, na kahawa nitamimina mimi," Sattam alisema. "Lakini kula, unajua hali yangu."

"Nani kakwambia ule? Wewe njoo."

Alimpiga ndugu yake bega, akaondoka. Wadha alibaki na sinia lake la dengu na wasiwasi ambao hakutaka kuutaja. Alimjua Jadaan. Mke wa Jadaan ni Nufa, na Nufa ni mdogo wake Wadha, baba mmoja mama mmoja.

Hapa lazima niwaambie jambo la aibu. Katika vijiji vile kuna wanaume ambao wakimkirimu mtu akasitasita, huapa kwa talaka. "Mke wangu aachike usipokula." Mgeni hula, wote hucheka, mambo huisha. Jadaan alikuwa mmoja wao, na mara mbili mambo hayakuisha. Mara ya kwanza Jadaan aliapa kwamba mfanyabiashara mmoja atalala kwake, na yule bwana akaondoka. Mara ya pili ilikuwa juu ya kondoo wa Idi, mgeni akakataa katakata. Kila mara wazee wa kijiji walisema talaka moja imeanguka, na kila mara Jadaan alimrudia mkewe kimya kimya. Kwa hesabu yao ilibaki moja, nayo ikianguka hakuna tena kurudiana. Nufa alikuwa na miaka arobaini na tatu na watoto sita. Hakuna aliyekwenda mahakamani kumuuliza kadhi kama hesabu hiyo ni sahihi. Waliona haya kwenda kueleza kwamba mwanamume mzima amemwapia mke wake kwa sababu ya sinia la wali.

Ijumaa ilipofika, Wadha alimlisha mumewe nyumbani, dengu na mkate, ili aende akiwa ameshiba. Walikubaliana asimame kwenye sinia na wenzake, aguse wali wa pembeni ambao haujapata mchuzi, apeleke mkono mdomoni mara mbili tatu, ajitoe. Aliweka dawa zake mkobani, wakaenda.

Wageni walipokelewa, kahawa ikanywewa, posa ikakubaliwa, masinia yakaingia. Wanaume walikuwa sebule ya wageni, wanawake chumba cha pili, katikati pazia. Wadha alikuwa karibu na pazia akimsaidia Nufa kumimina mchuzi kwenye majagi, na kila neno la upande wa pili alilisikia.

Aliyeanza ni mzee Udhail, baba wa mposaji. Hakuwa na nia mbaya. Kwao mtu akija kwenye sinia asile, maana yake ana dai au kinyongo na mwenye nyumba.

"Naona ami wa bibi harusi haonji," mzee alisema. "Kama kuna neno kati ya ndugu, tuambieni kabla hatujachukua binti."

"Hakuna neno, mzee wangu," Sattam alijibu. "Moyo wangu ni mgonjwa. Daktari kanikataza."

"Daktari, au mkeo?" mmoja akauliza, na sebule nzima ikacheka.

"Hao wawili nawaogopa sawasawa," Sattam alisema, na yeye pia akacheka. Mambo yangeweza kuishia hapo.

Lakini Jadaan hakucheka. Watu arobaini walikuwa wakimtazama, na ndugu yake wa damu hakuwa amekula nyama yake siku ya posa ya binti yake.

"Sattam," alisema, "mke wangu aachike leo hii usipokula sinia hili kama sisi tunavyokula, ukashiba, na mchuzi ukaunywa."

Upande wa wanawake upawa ulimtoka Nufa mkononi. Mchuzi ulimwagika miguuni mwake wala hakuruka.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hii ni ya tatu."

"Najua."

"Shatha anaposwa na mama yake anaachwa, siku moja. Dada, wakwe wataondoka sasa hivi."

"Unataka nifanye nini, Nufa? Daktari amesema. Wewe ulikuwepo, uliniona nikimbeba kwenda chooni."

"Sijui. Sisemi ale. Sisemi kitu."

Nufa alikaa chini pale pale kwenye mchuzi akajifunika uso kwa shela. Wadha alishika ukingo wa pazia. Kulikuwa na maneno machache tu ya kusema, na hakuna mtu kati ya wale arobaini ambaye angethubutu kumsogelea mwanamke wa watu. Angeweza kuingia akasema, mume wangu ni mgonjwa, haali, twende nyumbani. Alimtazama mdogo wake sakafuni. Aliwaza, ni mlo mmoja. Miezi saba amekuwa mzima, mlo mmoja hautamuua. Mkono wake ulikuwa bado kwenye pazia na hakulivuta.

Ndipo akasikia sauti ya mumewe.

"Mama Rakan, zile dawa zangu umezichukua?"

Alielewa anaulizwa nini. Angejibu hana, Sattam angepata sababu ya kuondoka pale, angalau ya kwenda nyumbani kuzifuata.

"Ninazo," alisema.

Sattam alikunja mkono wa kanzu, akaweka mkono wa kushoto nyuma kama desturi, akala. Alikula mpaka Jadaan akasema imetosha, akanywa mchuzi bakuli mbili. Wanaume walimshangilia, vigelegele vikapigwa, na Nufa akambusu dada yake begani huku analia. Namwelewa Nufa. Nawaelewa wote, na bado nawakasirikia.

Jumamosi asubuhi mizani ilionyesha kilo mbili zaidi. Sattam alikunywa maji siku nzima kwa kiu ya ile chumvi. Wadha alimrudisha kwenye khubeza na limau, akajipa moyo. Lakini ukishakula mbele za watu, umepoteza sababu ya kukataa. Jumapili mzee Udhail aliwaalika ndugu wote wawili Tafila. Asile vipi, naye alikula kwa kaka yake? Jumatatu mizani ilipanda kilo nne na nusu, na viatu havikumwingia.

"Twende kwa daktari leo," Wadha alisema.

"Keshokutwa ndiyo siku yangu ya kliniki. Siku mbili tu, mke wangu."

"Sattam, tazama miguu yako."

"Nimeiona. Nikienda leo itasemwa Jadaan kamtia ndugu yake hospitali kwa kiapo, na posa bado mbichi. Ngoja ikauke."

Jumanne jirani wa ukutani alimchinjia kusherehekea kwamba Baba Rakan amerudi kuwa mwanamume. Hayo ndiyo maneno aliyotumia. Wadha alisimama mlangoni akaziba njia kwa mikono yote miwili, akamwambia leo utapita juu yangu. Sattam alimsogeza taratibu, kwa aibu, kwa sababu jirani alikuwa barazani akisubiri.

Alirudi baada ya saa mbili. Alikaa kwenye ngazi ya uani akashindwa kuinama kuvua viatu. Wadha alisikia kifua chake kikichemka kama sufuria. Midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau, na alipokohoa lilitoka povu jekundu. Wadha alipiga kelele ambazo majirani wanazitaja hadi leo, na Jadaan akaja na gari lake akiwa peku.

Nyuma ya gari Sattam hakuweza kulala. Aliegemea bega la mkewe, akitafuta hewa kwa mdomo. Jadaan mbele alikuwa akiendesha na kulia kwa sauti, akimwita ndugu yake kwa jina la utotoni.

"Usimlaumu kaka," Sattam alisema, neno na pumzi, neno na pumzi.

"Usiongee. Tunafika."

"Uliposema unazo, nikajua na wewe unataka nile."

Wadha alitaka kusema hapana. Alifungua mdomo, na hiyo hapana haikutoka, kwa sababu isingekuwa kweli. Alimkumbatia kichwa kwa mikono miwili. Kabla hawajafika kwenye kilima cha kuingia mjini kile kichwa kilikuwa kizito, na kifua kimenyamaza.

Walimzika jioni ile. Siku tatu za matanga majirani walileta masinia ya mansaf kama ilivyo ada, moja baada ya jingine, na Jadaan hakugusa. Hakuna aliyethubutu kumwapia.

Baada ya matanga, Nufa alimwambia mumewe hawezi kulala naye nyumba moja. Alisema kila akimwona anamwona Sattam akila. Alitaka kuachwa kwa sheria, mbele ya kadhi, na alimwomba Wadha amsindikize. Jadaan hakumpinga. Alikwenda naye amejikunyata, yule mtu mkubwa, kama aliyevaa nguo za mwingine.

Kadhi alikuwa kijana wa miwani. Aliwauliza kwanza, kabla ya leo kumetokea talaka? Jadaan akaeleza zote, ya mfanyabiashara, ya kondoo wa Idi, na kile kiapo cha posa. Kadhi aliweka kalamu chini.

"Ulipoapa siku ya posa, ulikusudia kumwacha mkeo?"

"Kumwacha? Hapana, mheshimiwa. Nilitaka ndugu yangu ale."

"Na zile mbili?"

"Nilitaka mgeni alale. Nilitaka mgeni ale. Kumwacha sijawahi kutaka hata siku moja."

"Basi kwa sheria ya mahakama hii hakuna talaka iliyoanguka. Wala ya kwanza, wala ya pili. Na ya tatu isingeanguka hata kama ndugu yako asingegusa kitu."

Wadha ndiye aliyeuliza.

"Asingekula, ingekuwaje?"

"Huyu bwana angetoa kafara ya kiapo, mama. Angelisha maskini kumi."

"Maskini kumi."

"Mlo mmoja mmoja. Basi."

"Sheikh, sisi hatukujua," Jadaan alisema.

"Mlimuuliza nani?"

Jadaan alifungua mikono, akatazama viganja vyake, akavifunga. Kadhi alivua miwani. Hakuwa mkali, na nadhani ukali ungekuwa nafuu.

"Ofisi hii iko wazi tangu saa mbili asubuhi," alisema. "Kuuliza ni bure."

Wadha alianza kucheka. Alicheka mpaka karani akaleta maji, na kile kicheko kikageuka kikawa kilio, Nufa akamshikilia kwa mikono yote miwili, wameketi sakafuni pa mahakama, mjane na mke wa mtu aliyemfanya mjane.

MAFUNZO

Masheikh wengine wana kauli kali zaidi kuhusu kiapo cha namna hii, na hilo nawaachia wenyewe. Langu mimi ni hili.

Usimlishe mtu kwa nguvu ukaita heshima. Mgonjwa aliyeacha nyama, chumvi na samli hajakudharau wewe wala babu zako. Anajaribu kuishi. Anapoketi kwenye karamu yako akala majani yake, mkaribishe, msogezee limau, uzungumze naye mambo mengine. Na ninyi mnaocheka mkisema fulani anatawaliwa na mkewe jikoni, ombeni mpate mke kama huyo siku moyo utakapowachoka.

Mgonjwa naye asikie. Miezi saba ya mboga na dengu ilimrudishia Sattam pumzi, na siku tano za kuwaridhisha watu zikamnyang'anya. Ukishaambiwa usile, usile mbele ya mfalme.

Usiweke nyumba ya mke wako rehani kwa sababu ya nyama. Kama ulimi umekwisha kuteleza, usikae na hofu yako nyumbani ukipiga hesabu na wazee wasiojua. Nenda kaulize, hata kama unaona haya. Haya ile ingedumu dakika tano.

Na la mwisho nalisema kwa niaba ya Wadha, kwa sababu ndilo aliloniomba niliandike, na hakutaka nilipambe. Ukiwa umesimama nyuma ya pazia, unajua lililo sawa, na mkono wako uko tayari kwenye kitambaa, livute.